Dawa ya kupe niliyojipaka mwenyewe

Mwezi wa sita mtoto karudi likizo toka bweni na upele, baada ya wiki kadhaa nyumba nzima tunajikuna. Mchana afadhali, balaa usiku, ukijifunika shuka tu ndo kunaanza, kati ya vidole, kwapani, kitovuni na kwingine sisemi. Tunaishi Buza, chumba na sebule, watu watano, hapo hakuna cha nani kalala na nani.

Nikanunua BBE duka la dawa, ile dawa ya maji ya kupaka ya upele, tukampaka mtoto. Mtoto peke yake. Siku ya nne bado anajikuna, nikajua nimeuziwa feki. Shemeji yangu anashinda machinjioni Vingunguti, akanicheka, we baba Nasra unapoteza hela, nenda duka la mifugo chukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, inaua kupe itashindwa kiupele? Na kwa bei alikuwa sahihi kabisa, kichupa kimoja unazimua kwenye ndoo unaogesha ukoo mzima.

Nashukuru Mungu nilianza na mimi. Ilikuwa amitrazi ya 12.5%, ina picha ya ng'ombe, vipimo vyote vya josho, mtu hayupo, nikapima kwa kifuniko cha chupa ya maji basi. Harufu inakata kama thina. Nikajipaka mikono na mapaja, ngozi ikawaka moto, nikasema hapo ndo inafanya kazi, haikuchukua muda usingizi ukanikamata saa nne asubuhi, mdomo mkavu, nasimama nashika ukuta. Mke wangu akaniogesha kwa sabuni ya mche mara tatu akanipakia kwenye bajaji mpaka zahanati. Mapigo ya moyo yalikuwa chini, wakanikalisha mpaka jioni. Nesi kaniuliza ulipaka nini, nikanyamaza, mke wangu ndo alisema.

Kumbe BBE haikuwa feki. Wale wadudu wa upele hata wakifa muwasho unaweza kuendelea wiki mbili mpaka nne, maana ngozi bado inakasirikia mizoga na uchafu wao. Halafu kumpaka mmoja kati ya watano ni kazi bure, akipona tu analala na wenzake wanamrudishia. Nikauliza na ivermektini ya sindano ya ng'ombe, maana shemeji aliitaja pia, daktari akasema watu wanapewa ivermektini kweli, kule Mahenge, Morogoro, wanagawiwa kwa ajili ya usubi, ule ugonjwa wa kupofusha, lakini ni vidonge vya watu kwa kipimo cha mtu, sio kichupa cha ng'ombe unakisia jikoni.

Tukapaka BBE wote usiku mmoja, shingoni mpaka nyayo, mashuka tukachemsha, magodoro juani, wiki iliyofuata tukarudia. Niliendelea kujikuna karibu mwezi, safari hii kwa utulivu.

Kichupa bado kina robo tatu. Shemeji kashakiomba, ana mbwa.