Kampuni ikipona, hisa yako itapona?

Kwenye chama chetu cha kuweka akiba na kununua hisa, bei ya hisa ikianza kuteremka huulizwa swali moja tu: "Itarudi?" Kila mmoja ana ushahidi wake, na mabishano yanaweza kutuweka Donholm hadi giza liingie na wanaoenda Kitengela waanze kuulizia matatu. Mimi ndiye mweka hazina. Mchana naandika vitabu vya hesabu vya zahanati moja huku Eastlands, na katika swali hili nina msimamo ambao sijaona sababu ya kuuacha: kampuni na hisa yako si kitu kimoja. Kampuni inaweza kusimama tena, ikapata wateja na kulipa mishahara, na mwenye hisa wa zamani asiambulie chochote. Kwa hivyo mtu akiniambia "itarudi", namuuliza ni nini kitakachorudi.

Safari hii tulibishania Kenya Airways. Hisa zake zilisimamishwa sokoni Julai 2020, serikali ilipokuwa na mpango wa kulitaifisha shirika, na hazikuuzwa wala kununuliwa tena hadi tarehe 6 Januari 2025. Zilifunguliwa kwa bei ileile zilipokuwa zimeachia, shilingi 3.83, na siku za kwanza zikaruka karibu na kikomo cha asilimia 10 ambacho soko linaruhusu kwa siku. Kisha yakaja matokeo ya mwaka 2024: faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 10. Watu wakanunua. Agosti zikatoka hesabu za nusu ya kwanza ya 2025, hasara ya bilioni 12 hivi, ndege tatu aina ya Boeing 787 zikiwa zimekaa chini kwa kukosa injini. Bei ikateremka, nasi tukaketi.

Mzee wetu ndiye aliyeanza. Yeye alinunua mwaka 1996, shirika lilipoingia sokoni kwa shilingi 11.25 kwa hisa, na anakumbuka vizuri hisa hiyo ilipovuka shilingi 100 miaka kumi baadaye. "Binti yangu, niliiona kwa macho yangu haya. Kilichowahi kufika hapo kinajua njia." Alitaka chama kichukue sehemu ya akiba na kununua sasa, bei ikiwa chini. Kijana wetu, ambaye hununua hisa kwa simu hata akiwa kwenye foleni ya benki, alimuunga mkono kwa sababu tofauti. Alikuwa amenunua bei ilipokuwa juu na sasa alitaka kuongeza nyingine kwa bei ya chini ili kushusha wastani wa bei aliyonunulia. Mama mmoja anayeuza vitambaa Eastleigh alisikiliza muda mrefu, kisha akauliza: "Wanadaiwa ngapi?" Nilifurahi sana kusikia swali hilo likitoka kwa mtu mwingine.

Nilikuwa nimekuja na daftari, kwa hivyo tulipiga hesabu pamoja, na naomba uifuate polepole maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mwaka 2006, bei ilipovuka shilingi 100, Kenya Airways ilikuwa na hisa milioni 461 hivi. Zidisha. Soko lilikuwa linasema shirika zima lina thamani ya takriban bilioni 46. Mwaka 2012 shirika likawaomba wenye hisa waongeze pesa kwa kununua hisa mpya kwa shilingi 14 kila moja, na idadi ikapanda hadi karibu bilioni 1.5. Baada ya hapo mambo yakaharibika kwelikweli: ndege mpya zilizonunuliwa kwa mikopo ya dola, watalii waliopungua, Ebola iliyofunga njia za Afrika Magharibi, mikataba ya bei ya mafuta iliyogeuka mzigo. Mwaka wa fedha wa 2014/15 hasara ilikuwa bilioni 25.7, na uliofuata ikazidi bilioni 26.

Mwaka 2017 deni likapangwa upya. Benki zilizokuwa zikidai zikapewa hisa badala ya pesa, asilimia 38.1 ya shirika. Serikali ikafika asilimia 48.9. Hisa nne za zamani zikaunganishwa kuwa moja. Ilipokwisha, shirika lilikuwa na hisa zaidi ya bilioni 5.8, na wananchi wa kawaida kama Mzee, ambao zamani pamoja na wawekezaji wengine wa sokoni walishika zaidi ya asilimia 40, wakabaki na asilimia 2.8.

Sasa rudi kwenye ndoto ya Mzee. Tuseme shirika linapona kabisa, linakuwa na thamani ileile ya mwaka 2006, bilioni 46. Gawanya kwa hisa bilioni 5.8. Unapata chini kidogo ya shilingi 8. Na mtu aliyekuwa na hisa 1,000 siku zile ana 250. Yaani shirika lirudi pale pale lilipokuwa kileleni, lakini mali iliyokuwa na thamani ya shilingi 100,000 mkononi mwa Mzee iwe karibu 2,000. Ili bei ya 100 irudi kwa hisa za leo, Kenya Airways ingepaswa kuwa na thamani ya zaidi ya bilioni 580.

Kijana akasema hilo haliwezekani, lazima nimekosea sifuri mahali. Akapiga kwa simu yake. Akapiga tena.

Ni kama shamba la urithi kule Murang'a. Ndugu wanne wanajua kila mmoja ana ekari yake, kisha kesi inaamuliwa na watu wengine kumi na wawili wanaongezwa kwenye hati. Mahindi yanaweza kustawi kuliko zamani. Ekari yako haipo tena.

Mzee hakukubali mara moja, na hoja yake ya pili ilikuwa nzito. Alisema serikali haitakubali shirika linalobeba bendera life. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na hata mimi sitaki life. Nikiona ndege zile zimeegeshwa Embakasi najisikia mwenye nyumba. Lakini tuangalie serikali inaokoaje. Mwisho wa 2024 madeni ya shirika yalizidi mali yake kwa zaidi ya bilioni 100. Hata faida ile nzuri ya bilioni 5.4, ambayo kuimarika kwa shilingi dhidi ya dola kulichangia sehemu kubwa, ingehitaji kujirudia kwa zaidi ya miaka 18 kuziba shimo hilo. Hakuna atakayengoja hivyo. Ndiyo maana kwa miaka mingi serikali imekuwa ikitafuta mwekezaji mkubwa. Akija, ataleta pesa na atapewa hisa. Wakopeshaji wakikubali kusamehe, watapewa hisa. Njia zote mbili za kuiokoa ndege zinapitia kwenye mfuko wa mwenye hisa mdogo.

Mama wa vitambaa ana jamaa zake magharibi, akaikumbusha meza Mumias. Kampuni ile ya sukari ilikabidhiwa Septemba 2019 kwa meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wanaodai kampuni ikishindwa kulipa deni, na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Kinu kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na mwaka 2022 kikaanza tena kusaga miwa. Wakulima wakapata mahali pa kupeleka miwa na mji ukapata kazi. Ila pesa ya kukodisha kinu haiendi kwa aliyenunua hisa mwaka 2001. Sheria iko wazi kuhusu foleni: gharama za usimamizi huo, wafanyakazi na wakopeshaji wenye dhamana hutangulia, kisha wanaodai wengine, na mwenye hisa za kawaida mwisho kabisa. Mara nyingi sufuria huwa tupu kabla hajafika.

Kijana alikuwa na swali zuri. Kama ni hivyo, mbona Safaricom ilirudi? Aliishuhudia ikishuka kutoka karibu shilingi 45 mwaka 2021 hadi chini ya 13 mwishoni mwa 2023, na watu wakasema imekwisha. Lakini tazama nini kiliishusha. Wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza ili wapate dola, riba za Marekani zikipanda. Shilingi ilikuwa ikidhoofika. Uwekezaji wa Ethiopia ulikuwa unakula pesa nyingi. Riba za bondi, yaani mikopo ambayo serikali huchukua kwa wawekezaji, zilikuwa zikipanda, hadi Februari 2024 ya miundombinu ikatolewa kwa asilimia 18.46, na nani angeshika hisa akiona hiyo? Yote hayo yaliibana bei. Katika kipindi chote hicho idadi ya hisa za Safaricom haikubadilika, ilibaki bilioni 40 na kidogo, na gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lililipwa kila mwaka. Aliyekuwa na hisa 1,000 alibaki na sehemu yake ileile ya kampuni ileile. Bei ilipopanda, ilipanda naye.

Kenya Power nayo. Iliwahi kuuzwa kwa shilingi moja na ushee, madeni yakiitia hofu. Mwaka ulioishia Juni 2024 ikapata faida ya bilioni 30 na ikalipa gawio la senti 70, la kwanza baada ya miaka mingi. Waliongoja walikuwa na haki ya kungoja, kwa sababu katika miaka hiyo mibaya hawakuongezewa wenzao kwenye hati. Sisemi ilikuwa rahisi kujua mapema. Deni lilikuwa la kutisha, na lau serikali ingeamua kuligeuza kuwa hisa, ningekuwa naandika habari nyingine hapa.

Kuhusu kushusha wastani nilimwambia Kijana ninachokiamini: soko halijui alinunua kwa ngapi na halimdai wala kumlipa kwa sababu ya hiyo bei. Kama leo asingenunua hisa hiyo kwa mara ya kwanza, kuwa na nyingine zilizopata hasara si sababu ya kuinunua. Alinyamaza, akasema atafikiria. Ni pesa zake.

Akiba ya chama haitaingia Kenya Airways kwa sasa, hilo lilipita kwa kura nyingi. Mzee anabaki na zake, na nadhani ana haki, kwani kwa thamani zilizo nazo leo kuziuza hakumsaidii chochote, na anapenda kupokea barua ya mkutano wa mwaka. Siku mwekezaji akipatikana, wenye hisa watatumiwa waraka. Nimewaomba wote wenye akaunti ya CDSC, ile inayotunza hisa za mtu kielektroniki, wanitumie nakala mara tu ukifika. Nitaanza na ukurasa unaosema hisa mpya ni ngapi na zinatolewa kwa bei gani, halafu nitapiga hesabu ya asilimia ya Mzee upya mbele ya wote.