Siku ya mwana-ECA Dodoma: fungu bado ni buku

Saa 10:45 alfajiri

Kwetu Nzuguni anayeamka wa kwanza ni sufuria la maharage. Mama mdogo ni mama lishe, anapikia mafundi wa majengo yanayoota kila upande wa mtaa wetu, na kabla jogoo hajajua kinachoendelea jiko lake la mkaa limeshashika. Kazi yangu ni kuchagua mchele, kujaza ndoo maji kama ni siku yetu ya mgao, halafu nakaa na daftari karibu na jiko kwa sababu kuna joto na kuna taa.

Nasoma kidato cha sita, kombi ya ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, pamoja na BAM, ile hisabati ya msingi ambayo kwenye kombi yetu hakuna anayeikwepa. Sasa ni Machi, moku, mtihani wa majaribio, imeshapita, pepa la Taifa ni Mei. Asubuhi huwa nafanya akaunti tu. Uchumi unaweza kuusoma ukiwa umelala chali. Akaunti usipoishikia kalamu hujaisoma.

Saa 12:10 asubuhi

Kituoni. Hapa ndipo ninapojifunzia uchumi kila siku bila mwalimu.

Nauli ya daladala ya njia yetu kwa mtu mzima ni 600, yetu wenye sare ni 200, na zote zimepangwa na serikali tangu Desemba 2023. Konda haruhusiwi kutupandishia hata shilingi. Anachofanya ni kusimama mlangoni, kunyoosha mkono na kusema, "Wanafunzi wawili tu, wengine gari la nyuma." La nyuma nalo linasema hivyohivyo. Gari lina viti vitupu, sisi tumesimama kwenye tope la mvua ya jana tunaviangalia vikiondoka.

Kitabuni hii inaitwa bei kikomo: serikali ikiweka bei chini ya ile ambayo soko lingefika lenyewe, wanaotaka wanakuwa wengi kuliko nafasi, kisha nafasi zinagawiwa kwa njia nyingine, kwa foleni, kwa kujuana, kwa upendeleo. Wenzangu wanaikariri definisheni wakati wanaipanda kila asubuhi. Sisemi nauli ya mwanafunzi ifutwe, mama mdogo asingeweza kunilipia 1,200 kwa siku. Ninachosema ni kwamba ile 400 iliyobaki haikupotea. Nailipa kwa dakika za kusimama pale.

Leo nimepanda gari la tatu, baada ya mama mmoja kumwambia konda, "Mwanangu, huyu ni mtoto wa mwenzio, mwache apande."

Saa 1:30

Paredi, wimbo wa Taifa, matangazo, ukaguzi wa kucha. Tuendelee.

Saa 2:00

Vipindi viwili vya akaunti. Mwalimu ametupa urari, yaani jedwali la salio za akaunti zote, usiokubali kulingana: pande zake mbili, debiti na krediti, zimepishana kwa 1,890, akatoka nje kupokea simu. Darasa likaanza kujumlisha upya kuanzia juu, na huko ndiko kupoteza muda kwenyewe. Kwanza unaigawa tofauti kwa 2, uone kama kuna kiasi cha 945 kilichoingizwa upande usio wake. Hakipo. Halafu unaigawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa mtu amegeuza tarakimu. 1,890 kwa 9 ni 210, haibaki kitu. Tukapitia leja tukitafuta namba zilizogeuzwa, tukaikuta kwenye akaunti ya mdaiwa mmoja: 4,230 imeandikwa 2,340.

Hii ndiyo sababu naipenda akaunti. Hesabu zikikataa, zinakataa kwa namna inayokuonyesha pa kuanzia.

Saa 4:20

Chai. Andazi ni 200 kama lilivyokuwa nilipoanza kidato cha tano. Hewa ya katikati ndiyo imeongezeka.

Saa 4:50

Uchumi, na Madam. Wiki hii tupo kwenye mfumuko wa bei na namba fahirisi (bei ya zamani unaiita 100, ya sasa unailinganisha nayo), na Madam hana tabia ya kufundisha kwa kutusomea noti tuandike. Alianza kwa kutuuliza Benki Kuu inafanya nini bei zikipanda. Mtu wa nyuma akajibu kwa sauti ya kukariri kwamba inapunguza fedha kwenye mzunguko. Madam akamwambia hilo si kosa ila asiishie hapo: tangu Januari 2024 Benki Kuu yetu inaongoza kwa riba. Walianza na asilimia 5.5, Aprili mwaka uleule wakaipandisha hadi 6, na Julai 2025 wakaishusha hadi 5.75. Lengo ni mfumuko ukae kati ya asilimia 3 na 5, na miaka hii umekuwa ukizunguka kwenye 3.

"Sasa nani kati yenu ana mzazi anayeamini hiyo 3?"

Kicheko. Mkono haukunyooshwa hata mmoja.

Akatueleza inavyopatikana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake yapo hapahapa Dodoma, ina kapu la bidhaa na huduma 383, na mwaka wa kizio, yaani wa kulinganishia, ni 2020. Kila kitu kina uzito wake kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya inayokwenda huko. Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2 hivi. Kushika uzito wa zamani na kubadilisha bei tu ni njia ya Mjerumani anayeitwa Laspeyres, tangu 1871. Hatari yake, akasema, ni kwamba watu wanabadilisha wanachokula kabla kapu halijabadilika.

Kisha akagawa daftari la darasa lililotutangulia. Machi mwaka jana walikusanya bei za vitu saba pale Majengo. Sisi tukakusanye vilevile, palepale, mwezi uleule. Nikauliza kama naweza kufanya Soko la Job Ndugai, maana liko jirani na kwetu. Akakataa. Ukibadilisha soko hutajua kama kilichobadilika ni bei au ni wewe umehama. Na ukilinganisha Machi na Julai unakuwa unapima msimu: Machi mahindi ya mwaka jana yanaelekea ukingoni na mapya bado yako shambani, Julai soko la mahindi la Kibaigwa limejaa magunia.

Saa 8:30 mchana

Makande. Barua ya ruhusa ya kutoka ikapigwa mhuri. Tupo wanne.

Saa 9:15

Soko la Majengo wakati huu watu wamepungua na wauzaji wana muda wa kuongea, hasa ukiwasalimia vizuri kwanza. Bibi anayeuza mlenda mkavu alitutupia salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!" Mwenzetu mtoto wa Kongwa akaitikia, na kuanzia hapo milango yote ilifunguka.

Vitu vya kupimwa kwa kilo havikuwa na shida. Sembe imepanda asilimia 10, maharage 8, mafuta ya alizeti 4, mchele umeshuka 4, sukari imesimama. Tulijaza haraka tukidhani tutamaliza kabla ya saa kumi.

Nyanya ndizo zilizotukalisha.

"Fungu buku, dada. Chagua mwenyewe."

Mwaka jana wameandika fungu 1,000. Leo fungu 1,000. Badiliko: sifuri. Mwenzetu anayeshika kalamu akaandika 100 kwenye safu ya fahirisi na kufunga. Mimi nikaona pembeni ya ukurasa wa mwaka jana kuna mtu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo kama anayejiambia mwenyewe: "nyanya 7". Nikahesabu lililo mbele yangu. Tatu chini, moja juu, na moja imeegeshwa kwa nyuma kukaza. Tano.

Nikamuuliza mama mwenye meza, kwa heshima zote, kama mafungu yake siku zote ni ya tano.

"Mwanangu, tenga la nyanya limepanda, mvua imeziozesha shambani. Nikikwambia fungu 1,400 utanunua?"

"Hapana, mama."

"Basi. Buku inakaa mfukoni mwa mtu ikiwa nzima. Hiyo 400 nitaitafutia wapi chenji?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yetu. Nyanya 7 kwa 1,000 ni kama shilingi 143 kila moja. Nyanya 5 kwa 1,000 ni 200. Ni asilimia 40 juu. Tukavutana palepale, katikati ya njia, watu wenye mizigo wakitupigia kelele tupishe. Mshika kalamu akasema bei ni ile unayotoa mfukoni na hiyo haijabadilika. Nikamwambia bei ni ya kitu fulani, na kitu kikipungua bei imepanda, hata noti ikiwa ni ileile. Mtoto wa Kongwa akaomba mzani kwa muuza maharage wa jirani, fungu likapimwa, tukapata gramu. Ila mwaka jana hawakupima, kwa hiyo gramu zetu zitamfaa atakayekuja baada yetu.

Kwenye mkaa tukawa tumeshakuwa wajanja. Kopo limepanda waziwazi, asilimia 20, lakini mwenzangu aliliinua kopo lenyewe na kulipindua: chini limegongwa kwa nyundo likabonyea ndani kama sahani. Muuzaji akacheka. "Nimelikuta hivyo." Dodoma nzima makopo ya mkaa yamekutwa hivyo.

Saa 12:20 jioni

Kurudi ni rahisi kidogo, ukikutana na bajaji ya mtu wa mtaani anayekupakia kwa bei ya jirani. Leo haikutokea. Konda, kituo, tope, mnaijua.

Saa 1:30 usiku

Baada ya vyombo nikakaa na hesabu. Madam alitupa uzito: sembe 25, mchele, maharage, mafuta na mkaa 15 kila kimoja, nyanya 10, sukari 5. Jumla 100. Unazidisha kila fahirisi kwa uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa 100.

Nyanya ikiandikwa 100, kapu letu linatoa 106.7. Nyanya ikiandikwa 140, linatoa 110.7. Mfumuko wa asilimia 6.7 au 10.7, na pengo lote hilo la pointi 4 limetoka kwenye nyanya mbili ambazo hazikuwepo mezani. Nimeweka majibu yote mawili na kueleza kwa nini naamini la pili. Kapu letu la vitu saba si la Taifa, hilo lazima niliandike, maana hatuna nauli, kodi, mawasiliano wala nguo, ambavyo mwaka mzima vinaweza visitikisike. Ndiyo maana 3 ya Taifa na 10 yetu zinaweza zote kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mama mdogo alikuwa anahesabu mauzo kitandani. Nikamsomea.

"Hiyo 3 yenu inakaa mtaa gani?" akauliza.

Nikamweleza habari ya uzito. Kwenye kapu la Taifa chakula ni 28.2, kwa wastani wa kaya zote. Yeye kila anapopata 100, nusu na zaidi inaishia sokoni, kwa hiyo chakula kikipanda anaumia karibu mara mbili ya mtu wa kwenye kapu. Akatikisa kichwa. Alilijua hilo, alikuwa anasubiri namba tu.

Halafu nikamuuliza: kama vitu vimepanda hivi, mbona sahani yake bado ni 2,000?

Pale chini ya mwarobaini wako mama lishe wanne. "Nikisema 2,500, mafundi wanahamia kwa jirani kabla ugali haujapoa, na jirani hatapandisha, ananicheka tu. Nikisema 1,500, kesho wote tunauza 1,500, tumechoka sawa na faida hakuna. Kwa hiyo tumekaa."

Nikafungua daftari ukurasa wa soko la wauzaji wachache na kumwonyesha mchoro: mstari wa mahitaji wenye kona. Juu ya kona umelala, kwa sababu ukipandisha bei wenzako hawakufuati na wateja wanakimbia. Chini ya kona umesimama, kwa sababu ukishusha wote wanakufuata. Bei inanasa kwenye kona hata gharama zikipanda kwa kiasi. Mchumi wa Marekani, Paul Sweezy, aliueleza mwaka 1939. Mama mdogo aliuangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye kona na kusema, "Hapa ndipo nilipo."

"Sasa hiyo gharama inakwenda wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Kipande cha tikiti nimekitoa. Na kijiko cha mchuzi nimebadilisha, cha sasa ni kifupi." Kisha akanigeukia kwa ukali wa mama mdogo. "Tikiti usiliandike humo. Mafundi wengine wana watoto shuleni kwenu."

Nimeliandika. Kwenye ripoti yeye ni "muuzaji B".