Kilti bila koti la harusi: nilivyojipanga kwa sherehe ya shemeji

Kilti yangu, ile sketi ya sufu yenye marinda wanayovaa wanaume wa Uskoti, ilishonwa kwa ajili ya harusi yetu, na tangu hapo nilikuwa naivaa na vikorombwezo vyake vyote: koti fupi jeusi liitwalo Prince Charlie, kizibao cha vifungo vitatu, tai ya kipepeo, sporani, yaani kipochi cha kuning'inia mbele, ya manyoya, soksi za rangi ya krimu, na kile kisu kidogo, sgian dubh, kinachochomekwa kwenye soksi ya kulia. Shemeji yangu alipotualika kwenye sherehe ya kutimiza miaka 40, katika ukumbi wa kijiji huko Perthshire, Uskoti, ujumbe wake ulisema mwenye kilti aje nayo, ila makoti ya harusi yabaki nyumbani. Mchana nyama ya kuchoma nje, jioni bendi na ceilidh, yaani ngoma za asili za Kiskoti. Nikajiuliza: ukiyatoa hayo yote, kilti inavaliwa na nini?

Na lilikuwapo jambo jingine lililonikaa moyoni. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Glasgow kwa kazi na kwa ndoa. Vazi la wenyeji ukilivaa kamili, kila mtu anaona umelipa heshima yake. Ukilivaa kirahisi, mwenye nalo anaweza kudhani unalifanyia mchezo. Sikutaka kukisia katika jambo kama hilo, nikampigia baba mkwe, ambaye huivaa kilti hata anapokwenda kutazama raga katika uwanja wa Murrayfield.

"Mwanangu, hayo makoti yamekuja juzi tu," akaniambia. Akanieleza kwamba watu wa milima ya Uskoti walikuwa wakijifunga shuka refu la sufu na kulikaza kwa mkanda kiunoni. La chini likawa vazi, la juu likatupwa begani, na ndani shati tu. Walichungia ng'ombe kwa shuka hilo, na usiku walijifunika hilohilo. Serikali ya London ikapiga marufuku mavazi yao kwa sheria ya mwaka 1746, baada ya vita vya Culloden vilivyozima uasi wa huko, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1782. Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822, kwa maandalizi ya mwandishi Walter Scott, vazi hili likapanda cheo likawa la hafla, na mambo ya vifungo vya fedha yakashamiri. Kwa hiyo shati na kilti, alisema, ni mavazi ya zamani kuliko koti langu.

Rafiki yangu wa Mombasa anayeishi Edinburgh ndiye aliyenimalizia. "We kaka, kikoi umevaa tangu utotoni. Shati la kikoi ulifundishwa na nani?" Ni kweli. Nyumbani kikoi na fulana. Ukitoka kwenda barazani, kikoi na shati safi. Ukienda msikitini, kanzu juu yake. Kikoi hakibadiliki, kinachobadilika ni cha juu kulingana na unakokwenda. Baada ya simu ile nililifungua kabati nikiwa na utulivu.

Nilianza na kilti yenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibu. Kuvaa kirahisi hakumaanishi kuilegeza. Wapo wanaoishusha nyongani kama suruali ya jinzi, na papo hapo marinda ya nyuma yanaanza kuachana na pindo linapita magoti. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu, na pindo lake hukomea katikati ya goti. Yangu imekula karibu yadi 8 za sufu, yaani zaidi ya mita 7, na sehemu kubwa ya kitambaa hicho imo kwenye marinda, yaliyokunjwa kwa hesabu ili drafti iendelee nyuma bila kukatika. Kazi ya fundi yote iko pale. Nikafunga bizimu ya kushoto kwanza, nikapitisha upande wa juu wa mbele, nikakaza mbili za kulia, kisha nikajitazama nyuma kwenye kioo. Marinda yakiwa yamelala sawasawa, mengine yote unaweza kuyapunguza.

Tartani yangu, yaani mpangilio wa drafti ambao mara nyingi huwa wa ukoo fulani, ni Hunting Stewart: kijani, buluu na nyeusi, imepitiwa na mistari myembamba ya nyekundu na njano. Ni miongoni mwa zile ambazo kwa desturi mtu asiye wa ukoo wowote huruhusiwa kuzivaa, ndiyo maana fundi alinipendekezea.

Shati ndilo lililonichukua muda mrefu. Shati jeupe la harusi bila koti linaonekana limekatishwa njiani. Fulana nyepesi nayo haikai: sufu ile ni nzito, ina mwili, na pamba laini juu yake hunywea ikaonekana duni, hata kama ni mpya. Kuna yale mashati ya kamba kifuani yanayouzwa madukani kule mtaa wa Royal Mile, Edinburgh. Watalii huyapenda, lakini katika ukoo wa mke wangu sijamwona hata mmoja akilivaa. Jezi ya timu ya taifa ni halali kabisa siku ya mpira. Mashabiki wa Uskoti walijaza mitaa ya Munich kwa kilti na jezi kwenye Euro 2024, na walipendeza. Ila hii ilikuwa sherehe ya familia, na bibi yake shemeji alikuwa anakuja.

Nikaishia kwenye shati la pamba nzito, buluu ya kuiva, kola ya kawaida, mikono nimeikunja hadi chini ya viwiko. Bila tai. Kwa baridi ya jioni nikachukua sweta la sufu la kijivu, na hapa naomba unisikilize vizuri kama una mwili wa wastani kama wangu: sweta liwe fupi, likomee kwenye mkanda. Likiteremka zaidi linafunika kiuno cha kilti na kusukuma sporani, na mtu anaonekana amekatwa miguu. La kwangu la kila siku lilikuwa refu, nikaazima la mke wangu. Likanikaa vizuri sana.

Mkanda mpana wa ngozi nilivaa kwa sababu hapakuwa na kizibao. Kwa kawaida vitu hivyo viwili havivaliwi pamoja. Sporani ya manyoya nikaiacha, nikachukua ya ngozi ya kahawia isiyo na nakshi, nikaifunga ining'inie kiganja kimoja chini ya bizimu ya mkanda. Kilti yangu haina mifuko, kwa hiyo simu, funguo na kadi ya benki vyote hukaa humo. Nakushauri usiijaze, maana ikiwa nzito inavuta mbele na kukupiga mapajani kila hatua.

Soksi za krimu ndizo zinazopiga kelele za harusi kuliko kitu kingine chochote. Nilipozibadilisha na za kijivu iliyokoza, vazi zima likatulia. Nilizivuta juu, nikazikunja zikome kama vidole vitatu chini ya goti, zikashikwa na ukanda wenye vijitepe vyekundu vinavyochungulia kidogo chini ya mkunjo. Wekundu huo niliutoa kwenye ule mstari mwembamba wa tartani. Hii ndiyo kanuni ninayoiamini katika rangi: usiifuate rangi kubwa ya kitambaa, tafuta ile ndogo iliyojificha. Shati la kijani juu ya kilti ya kijani lingenifanya sare ya shule.

Viatu vya ghillie, vile visivyo na ulimi ambavyo kamba zake huzungushwa kifundoni, nikaviacha pia. Buti za kahawia za kukomea kifundoni zilikwenda na mkanda na sporani, na zilifaa kwenye nyasi zenye unyevu.

Kisu nikakiacha nyumbani kwa hiari yangu. Sheria ya Uskoti inakikubali kama sehemu ya vazi la taifa, lakini sioni sababu ya kwenda nacho kwenye sherehe yenye watoto wanaokimbia kila upande. Pini ya kilti nimeivaa, pembeni chini upande wa kulia, imeshika kitambaa cha juu peke yake. Usiichomeke ikashika tabaka zote mbili, kitambaa kinakosa mwendo na kinaweza kuchanika.

Na lile swali ambalo kila mtu hutaka kuuliza: ndani nilivaa boksa nyeusi. Kule kuna ngoma iitwayo Strip the Willow, ambapo unazungushwa mkono kwa mkono na kila mtu aliye kwenye mstari, na marinda yakishashika upepo hayana siri. Kabla ya kuingia uwanjani niliisukuma sporani kiunoni pembeni, kama nilivyomwona baba mkwe akifanya. Kukaa hakukunipa shida. Unapitisha kiganja nyuma, unalaza marinda, unakaa magoti yakiwa karibu, na sporani inaanguka katikati mahali pake.

Ukumbini nilikuta kila mtu na lake. Shemeji alikuwa na sweta la kijani na buti za kupandia milima, baba mkwe shati la drafti ndogo na kizibao cha twidi, vijana wengine soksi wamezishusha hadi kwenye buti. Hakuna aliyefanana na mwenzake, na wote walikuwa sawa. Bibi alinishika mkono akanigeuza aone nyuma, akayakagua marinda, akasema yamelala vizuri. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kama umealikwa na huna kilti, usikimbilie kushonesha, maana ya kushonwa kwa mkono hufika mamia ya pauni. Maduka ya kukodisha yana seti za mchana zenye sporani ya ngozi, na unaweza kuwaambia koti hulitaki. Ukipita kwenye maduka ya mitumba ya hisani hapa Glasgow, za sufu huonekana. Pima kiuno usawa wa kitovu, si pale unapovalia suruali, na piga magoti chini mbele ya kioo: pindo lisilale sakafuni.