Pedali ya breki ikiwa ngumu, kublidi hakusaidii kitu

Pedali ya breki ikikataa kushuka, ukawa kama unakanyaga tofali, kuna mambo mawili ambayo watu hapa Malindi huyakimbilia: kublidi (kutoa hewa kwenye fluidi ya breki) magurudumu yote manne, au kuzunguka maduka ya spea kutafuta busta, yaani kisaidizi cha breki, ya mtumba. La kwanza ni kazi bure. Hewa ikiingia kwenye paipu za breki, pedali hulegea na kuzama, haiwi ngumu. La pili huenda likawa sawa, lakini busta hulaumiwa mno. Mara nyingi yenyewe ni nzima, na kilichokufa ni hosi yake, au kile kivali kidogo cha njia moja ambacho bei yake haifiki hata robo ya busta.

Busta ni lile debe jeusi la duara lililofungwa kati ya masta silinda (inayosukuma fluidi kwenda kwenye magurudumu) na ukuta wa injini, mbele ya dereva. Ndani yake mna diaframu ya mpira inayoligawa vyumba viwili. Injini ikiwa inawaka, hewa hunyonywa vyumba vyote viwili. Ukikanyaga pedali, vali iliyo nyuma ya busta hufunguka na kuruhusu hewa ya nje iingie chumba cha nyuma peke yake. Mbele hakuna hewa, nyuma ipo, basi diaframu inasukumwa mbele pamoja na mguu wako. Diaframu ya kipenyo cha sentimita 22 ina eneo la karibu sentimita 380 za mraba. Tofauti ya shinikizo la hewa ikiwa kilo 0.65 kwa kila sentimita ya mraba, huo ni msukumo wa kilo 247 ambao mguu wako haukuutoa. Huo ukikosekana, breki bado zipo, ila kazi yote umeachiwa wewe.

Kwa hiyo swali la kwanza si busta imeharibika au la. Swali ni: mvuto, yaani ule unyonyaji wa hewa, unafika?

Majaribio ya kuanzia hayahitaji hata spana. Weka gari mahali tambarare, gia huru, handbreki juu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu kabisa. Sasa uache mguu ukiwa umeikandamiza, halafu piga stati. Injini inaposhika, pedali inapaswa kushuka yenyewe sentimita moja au mbili chini ya mguu. Ikishuka, mvuto unafika na busta inafanya kazi. Isiposhuka hata kidogo, ama mvuto haufiki au busta haiupokei.

Pili, acha injini iwake dakika moja au mbili, zima, kisha kanyaga polepole, ukipumzika kidogo kila mara. Mkanyago wa kwanza unapaswa kwenda mbali, wa pili upungue, wa tatu upungue zaidi. Busta inatakiwa iwe na akiba ya mikanyago miwili mitatu hata injini ikizimika njiani. Ikiwa ni ngumu tangu mkanyago wa kwanza, akiba imevuja, na wa kushukiwa kwanza ni vali ya njia moja.

La tatu ndilo mafundi wengi hulisahau. Injini ikiwaka, kanyaga breki na ushikilie, zima injini bila kuinua mguu, uhesabu sekunde 30. Pedali ikitulia, diaframu na sili zake ni nzima. Ikianza kuuinua mguu wako taratibu, busta inavuja ndani ikiwa na mzigo. Hapo ndipo busta inaanza kuwa na kesi ya kujibu.

Ukimpelekea fundi, mwambie tu: "Fundi wangu, kabla hujafungua masta, chomoa kwanza hosi ya busta tuone kama inavuta." Fundi anayejua kazi hatakasirika. Injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ziba mdomo wa hosi kwa kidole gumba. Kinapaswa kunaswa barabara na kutoka kwa shida. Mvuto dhaifu unaoachia kidole kirahisi ni jibu tosha kwamba ubovu uko upande wa injini, na kubadilisha busta kutakuwa kutupa pesa.

Geji ya vakyumu, yaani kipimo cha mvuto, ikipatikana ni bora zaidi, na hapa kuna jambo la kuangalia sisi wa pwani. Injini nzima ya petroli katika usawa wa bahari husoma inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kipimo hicho hushuka karibu inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo Nairobi injini hiyohiyo itasoma 14 au 15 na hakuna atakayeshtuka. Ukiona video ya fundi wa bara akisema 15 ni sawa, kwake ni sawa. Malindi 15 ni ugonjwa: taimingi ya vali imechelewa, gasketi ya manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) inapitisha hewa, au katalisti kwenye ekzosi imeziba.

Kwenye Probox na Toyota nyingi za petroli, vali ya njia moja imo ndani ya hosi yenyewe, na juu ya hosi pana mshale. Mshale huo unaelekea injini. Ikifungwa kinyume, busta haipati kitu, na gari litarudi gereji siku hiyohiyo. Kuijaribu ni rahisi: puliza kwa mdomo kutoka upande wa busta, hewa ipite, puliza kutoka upande wa injini, isipite hata chembe.

Halafu kuna hosi za kuungaunga. Hosi ya busta ina kuta nene za kustahimili kunyonywa. Ikipasuka, watu hukata kipande cha hosi ya maji, wakafunga klipu mbili, safari ikaendelea. Asubuhi breki ni nzuri. Saa nane mchana, gari likiwa limetoka Mombasa na joto limejaa chini ya boneti, mpira unalainika, kuta zinanyonywa mpaka zinagusana, mvuto unakatika. Injini ikipoa hosi inarudi umbo lake na gari linaonekana halina kasoro. Breki inayokuwa ngumu mchana tu, ibonyezebonyeze hosi injini ikiwa moto kabla ya kugusa kitu kingine.

Dizeli ni habari nyingine. Injini ya dizeli haina mvuto wa maana kwenye manifoldi, kwa hiyo hupewa pampu ya vakyumu. Kwenye Hiace na Hilux za zamani za injini ya 2L, 3L na 5L, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa alternata, inazungushwa na mkanda uleule na kulainishwa kwa oili ya injini kupitia hosi ndogo. Fikiria maana yake: mkanda ukilegea, chaji hupungua na breki huwa ngumu kwa wakati mmoja. Taa ya betri ikiwaka kwenye Hiace kama hiyo, usiseme utafika Garsen ndipo uangalie. Vilevile, breki zikianza kuwa ngumu mara baada ya alternata kutoka kwa fundi umeme, rudi hukohuko: hosi ya oili imekunjika au imeziba, hosi ya vakyumu haikukaza, au alternata iliyorudishwa haina pampu. Pampu iliyochoka vipepeo vyake hujionyesha kwa njia moja: gari likiunguruma tu pedali ni ngumu, ukikanyaga mafuta kidogo inalainika. Kwa geji, pampu nzima inapaswa kupita inchi 20 bila taabu.

Mvuto ukiwepo na vali ikiwa nzima, sasa tuitazame busta. Mvumo mfupi wa hewa wakati wa kukanyaga ni wa kawaida. Mvumo usiokoma miguuni mwa dereva, pedali ikiwa imeshikiliwa, si wa kawaida. Na kama injini inabadilisha mlio au kutaka kuzimika kila unapokanyaga, diaframu imetoboka na injini inavuta hewa isiyopimwa. Kwenye gari la petroli lenye kompyuta, msimbo P0171 (hewa nyingi, mafuta kidogo) unaweza kujitokeza kwa sababu hiyo.

Usibadilishe busta bila kujua kilichoiua. Muuaji mkubwa ni masta silinda. Sili yake ya nyuma ikichoka, fluidi hupenya na kuingia ndani ya busta, ikaula mpira. Dalili ni chupa ya fluidi kupungua huku hakuna gurudumu wala paipu iliyolowa. Fungua nati mbili za masta, mara nyingi ni spana namba 12, uivute mbele kidogo bila kufungua paipu, na umulike mdomo wa busta kwa tochi. Ukiona umajimaji hapo, masta na busta vinatoka pamoja. Kuweka busta nyingine juu ya masta ileile ni kuipeleka kaburini mapema.

Sasa, kuna magari ambayo busta inapita majaribio yote matatu lakini bado unakanyaga kwa nguvu na gari halisimami vizuri. Hilo si tatizo la mvuto tena, angalia magurudumu. Hewa yetu ya chumvi, na zaidi kwa magari yanayoshinda Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, hushika pini za kalipa (kishikio cha pedi za breki) mpaka kalipa haitelezi. Pedi ya ndani imeisha, ya nje bado nene: hizo ni pini. Zitoe, zisugue, uzipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi hufurisha mpira wa kuzuia vumbi na kukurudisha palepale. Pedi zilizoungua zikang'aa kama kioo nazo huleta malalamiko hayohayo, na hosi ya mpira ya gurudumu inaweza kuvimba ndani ikaziba njia ya fluidi huku nje inapendeza.

Kibaya kuliko vyote ni mtu kujazia oili ya hydroliki au ya gia ya otomatiki kwenye chupa ya breki. Sili zote hufura. Ukishuku, chukua matone kadhaa kutoka kwenye chupa uyatie kwenye glasi ya maji: fluidi halisi ya DOT 3 au DOT 4 itachanganyika na maji, oili itaelea. Ikielea, kuisafisha chupa hakutoshi. Kila mpira kwenye mfumo, kuanzia masta hadi silinda za magurudumu, ubadilishwe.

Tuktuk hazina busta kabisa, kwa hiyo haya hayazihusu. Wala Prius na Aqua, magari ya haibridi: hizo hutumia pampu ya umeme, na kuzifanyia majaribio ya kuzima injini ni kujichanganya. Zipeleke kwa mwenye kompyuta.

Msaada wa busta ukikukatikia barabarani, mathalani unakaribia matuta ya Gede, usipampu. Kila ukiachia pedali unamaliza akiba iliyobaki. Kanyaga mara moja, kwa nguvu, hata kwa miguu miwili, na ushushe gia.

Busta ikibidi itoke, inashikiliwa na nati nne zilizo nyuma ya pedali, pamoja na pini na klipu yake. Kabla ya kufunga nyingine, linganisha urefu wa fimbo inayosukuma masta. Ikizidi kidogo tu, breki hazitaachia, na baada ya kilomita chache magurudumu yanatoa harufu. Likitokea hilo, piga jeki, legeza nati za masta milimita mbili tatu: magurudumu yakizunguka, fimbo ni ndefu, yasipozunguka mpaka ufungue nati ya kublidi, shida iko kwenye hosi au masta.

Na ya mtumba ijaribiwe dukani kabla hujatoa pesa. Mulika mdomo wake, iwe kavu. Iunganishe kwa hosi na gari lolote la petroli linalowaka hapo, iache ivute dakika moja, kisha ichomoe hosi upande wa gari, vali yake ibaki mahali pake. Subiri dakika tano. Ukiitoa vali, hewa inapaswa kuingia kwa kishindo. Ikiwa kimya, mrudishie mwenyewe.