Ametoka kufanyiwa upasuaji wa diski? Anzeni na kitanda

Ndugu zangu wa Mwanza mnaouguza mtu aliyepasuliwa diski ya kiuno, yaani kile kipande laini kati ya pingili za uti wa mgongo, msimvute mikono kumwinua. Hapo ndipo mgongo unapojipinda. Akunje magoti, ageuke ubavu mabega na nyonga vikienda pamoja kama gogo, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa kiwiko na kiganja.

Kutembea ndiyo dawa. Dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, akiongeza kidogo kidogo, kwenye tambarare. Vilima vya mawe vya Mabatini vingoje. Kukaa kunaibana diski kuliko kusimama, kwa hiyo kila dakika 20 au 30 ainuke. Bodaboda kwenye makorongo, hapana kabisa wiki za mwanzo.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Wiki 6 za kwanza wengi huambiwa wasizidishe kilo 2 hadi 5, maana tundu kwenye ukuta wa diski bado linaziba. Anayeinama na kupinda kiuno kubeba kreti la sato pale mwalo wa Kirumba anaweza kusukuma nje nyama ya diski iliyobaki, na maumivu yakarudi upya.

Ganzi ya mguu isiwatishe ikichelewa kuisha. Maumivu hutangulia kupungua, lakini mshipa wa fahamu hupona polepole, hata miezi.

Ila mkojo ukiziba au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, mguu ukilegea ghafla, au kidonda kikitoa usaha na homa ikapanda: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.