Mchanga wa Kukaanga

Juzi pale Darajani, Unguja, tukisubiri kuvuka barabara, binti yangu aliniuliza kwa nini gari lililotupita lilikuwa na mabomba mawili ya moshi ilhali letu lina moja. Nilimjibu kwa mkato kwamba ni pambo tu. Ami angelisikia jibu hilo, asingelinisamehe.

Mustang yake, ile ya 1966 iliyotoka Muscat, ilikuja na injini ya V8 ya lita 4.7, kabureta ya midomo miwili, yaani kifaa cha kuiingizia injini hewa na petroli, na ekzosi moja. Silinda nne za kulia na nne za kushoto zilitoa moshi kila upande kwa manifoldi yake, chuma kinachoukusanya moshi wa silinda, kisha njia hizo zikakutana chini ya gari na kuwa bomba moja hadi nyuma. Ami alishikilia kwamba injini inakosa pumzi, na kwamba kila upande upewe bomba lake na sailensa yake. Fundi wetu wa Mwanakwerekwe hakubishana naye. Alijilaza chini ya gari, akapima kwa kamba, akasema upande wa kushoto ndio utakaotutesa, kwa kuwa usukani wa gari la Kimarekani uko huko na vyuma vyake vimeziba njia.

Habari za kukata na kuchomelea naziruka. Ninachokikumbuka ni asubuhi ya kukunja bomba la kupita juu ya ekseli ya nyuma. Bomba tupu likikunjwa hubonyea kwenye kona, na pale lilipobonyea ndipo moshi unapobanwa, kwa hiyo fundi alitaka lijazwe mchanga na kuzibwa ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Mwanafunzi wake alileta ndoo. Fundi aliuchota mchanga, akaufinya, akafungua kiganja: ulikuwa umeshikamana.

"Huu una maji," alisema. "Maji yakishika moto humo ndani yanageuka mvuke, na kigingi kitamtoa mtu jicho."

Nikatumwa kwa Bibi kuomba chekeche na sufuria kuukuu.

"Mchanga mnaukaanga?" aliuliza. "Haya, mjukuu wangu, chukua, lakini sufuria usinirejeshee."

Tuliukaanga juu ya makaa, tukiukoroga mpaka ukaacha kushikana, kisha tukaumimina bombani polepole huku fundi akiligonga kwa nyundo ndogo kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza, hadi mlio wa uwazi ukafa pote na kubaki mlio mzito. Aliupeleka moto wa gesi kwenye kona mpaka chuma kikawa chekundu, akaliegemeza bomba kwenye rimu ya lori, nasi tukavuta kwa amri yake: vuta, basi, vuta kidogo, basi. Hata Ami, ambaye hakujua kunyamaza, alinyamaza. Mchanga ulipomwagwa, kona ilikuwa ya mviringo mtupu, haina hata mkunjo mmoja.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Mabomba yaliunganishwa kwa kipande kifupi cha kukingama, kwa sababu katika injini ile kuna wakati silinda mbili za upande mmoja huwaka kwa kufuatana, na upande huo huelemewa na moshi. Vijana waliketi juu ya buti ili fundi ahakikishe kwamba ekseli haigusi bomba gari linapodidimia.

Lilipowashwa, Ami aliuliza kwa kelele kama nguvu zimeongezeka.

"Tumefungua mlango wa nyuma, bwana," fundi alijibu akifuta mikono. "Wa mbele ni ule ule."

Maneno hayo Ami hakuyasimulia popote. Kwa watu alisema gari sasa linaruka. Mimi nililipanda mara nyingi na siwezi kutoa ushahidi, maana kwenye kisiwa cha urefu wa kilomita 85 hivi, nyuma ya daladala, ningelijulia wapi? Mlio tu ndio uliokuwa hauna ubishi. Wazee wa msikitini walimwendea kwa adabu, na tangu hapo kila alipokuwa na safari ya alfajiri tuliamshwa sisi vijana kulisukuma gari lile la zaidi ya tani moja hadi barabara kuu, naye ameketi ndani ameshika usukani, akituhimiza kwa kunong'ona.