Boksi la A4

Jana tulikuwa steshenari, kwenye foleni nyuma ya kijana aliyekuwa anatoa kopi vyeti vyake vyote, nadhani tangu chekechea. Binti yangu kasimama pembeni na fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, anatiki kimoja kimoja: godoro, ndoo mbili, kwanja, fagio la chelewa, rimu moja ya karatasi A4. Mashine ikatema karatasi, ile harufu ya karatasi ya moto na wino ikanijia puani, na matiti yakanikaza. Nakaribia arobaini, mtoto wa mwisho nimemwachisha zamani. Mwili hauna adabu.

"Mama, vipi?"

"Hamna kitu."

Kilikuwepo.

Julai 2010. Kombe la Dunia liko Afrika Kusini, vuvuzela zimefika mpaka kwetu Dar es Salaam, na mimi niko mwaka wa pili chuo kikuu na mtoto wa miezi minne mgongoni. Baba yake tumwache leo. Mama yangu alishuka stendi ya Ubungo na ndizi za mtori na galoni la maziwa, akanikanda, akanilisha, na arobaini ilipotoka akarudi Machame. "Ng'ombe hawana likizo, mwanangu." Kwa mjomba Kimara nilipeleka ombi, lilipokelewa kwa soda na likakataliwa kwa soda. Hosteli haikutaka mtoto, kwa hiyo nilipanga chumba uswahilini, kodi ya miezi sita mkononi. Bumu, ule mkopo wa serikali wa kujikimu chuoni, wakati ule lilikuwa shilingi 5,000 kwa siku, kula na kulala, na lilihesabu mdomo mmoja. Dei kea mbili nilizozizungukia zilitaka mtoto anayetembea na anayeweza kusema anataka choo.

Nikampata dada. Mnajua "dada" ni nani. Alitoka Singida, alisema ana miaka 15, nikawa namlipa 25,000 kwa mwezi. Sheria ya Mtoto ilikuwa imepita mwaka mmoja nyuma, 2009, na inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kwa hiyo mbele ya sheria nilikuwa nimesimama vizuri. Huyu wangu anatimiza 14 mwezi wa tatu. Juzi kaunguza ugali, nikamwambia aache, yeye bado mtoto. Nikajisikia nikisema hivyo, nikanyamaza.

Jumapili jioni, kesho yake mtihani wa DS, dada akaenda dukani kununua vocha. Hajarudi mpaka leo.

DS ni lile somo la maendeleo ambalo chuo kizima mnalisoma mtake msitake, wa sheria, wa hesabu, wa uhasibu, ndiyo maana mtihani wake mnakaa mamia kwenye ukumbi mmoja. Ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na steshenari, na mwenyewe alikuwa ananidai 1,800 za kopi. Sikuwa na mwingine wa kumwendea. Saa moja na nusu nikafika na mbeleko.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Na huyo unataka nikutolee kopi?"

"Hapana dada, naacha orijino."

Kwa kweli sikusema kwa ujanja, nilikuwa nimeanza kulia. Yeye ndiye aliyecheka. Akachukua boksi la A4, akatoa rimu zote akazipanga kwenye shelfu, akatandika kitenge chake, tukamlaza humo karibu na mashine, penye joto na ile ngurumo yake. Nikamwachia chupa ya maziwa niliyokamua usiku. "Nenda," akasema. "Lile deni tutaongea."

Saa mbili kamili tukafungua karatasi. Swali la 3 lilitaka tujadili vikwazo vinavyomzuia mwanamke kushiriki katika maendeleo. Sitanii. Nikaanza nalo kwa sababu lilionekana rahisi, na nikagundua sina la kuandika, au ninalo ila siyo la kuandikwa pale. Nikarudi swali la 1.

Ilikuwa kama saa tatu na nusu nilipomsikia mtoto analia.

Madirisha yote yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kilio kilikuja kutoka nje, mbali kidogo, upande wa steshenari. Siyo kilio cha kudeka. Kilikuwa kile cha kukatika pumzi, kinachoacha kimya halafu kinarudi na nguvu mpya. Kabla sijafikiri chochote maziwa yalishuka. Waliowahi kunyonyesha wanajua: kwanza kama sindano nyingi ndogo, halafu joto. Blauzi ya bluu bahari, ya kuazima, ikatoka madoa mawili, madoa yakawa ramani. Nikainamia meza, nikakunja mkono wa kushoto kifuani na kubana, kalamu ikabaki mkono wa kulia. Jamaa wa pembeni yangu akatazama, akageuza uso haraka kuelekea karatasi yake, na shingo yake ikabadilika rangi. Sijawahi kumshukuru.

Nikasikiliza. Nilijiambia mama anaijua sauti ya mwanawe. Ndivyo wanavyosema wote. Nikatega sikio kwa makini kuliko nilivyowahi kutega kwenye lekcha yoyote, nikitafuta kitu changu kwenye ile sauti, ile kwikwi yake ndogo mwishoni, na nikashindwa. Alikuwa mtoto tu, analia. Angeweza kuwa wangu. Angeweza kuwa wa yeyote.

Utaratibu ulikuwa ukitoka bila kusindikizwa na msimamizi, umekabidhi. Na msimamizi hakusindikizi kwenda kunyonyesha. Nikafanya hesabu. Nimejibu swali moja na nusu kati ya manne. Nikitoka sasa ni sapu, yaani kurudia mtihani, sapu ni Septemba, Septemba nitamwacha na nani? Nikihesabu hivyo, safu tano mbele yangu nikaona kichwa chenye mtandio wa njano kimeinuka. Dada mmoja ambaye sikuwahi kuongea naye. Kalamu yake ilikuwa hewani. Akakaa hivyo, nasema sekunde kumi, labda zilikuwa tatu. Kisha akafunika kijitabu chake cha majibu, akasimama, akatembea mpaka meza ya mbele. Alivaa kandambili. Nazikumbuka zile kandambili, pa, pa, pa, ukumbi mzima wa watu wanaoandika. Akaweka karatasi, akatoka, wala hakugeuka nyuma.

Dakika mbili baadaye kilio kikakata.

Nikaandika. Hiyo ndiyo sehemu ninayoirukaga nikisimulia kwenye sherehe. Niliandika hadi saa tano, swali la vikwazo nikalijibu kurasa tatu, hoja kwa hoja, mifano ya Rufiji na ya mjini, huku blauzi ikinikaukia kifuani na kunuka. Nilipata C, na C ile ilinitosha.

Kengele ilipolia nilikimbia. Orijino alikuwa kwenye boksi, kalala, mdomo wazi, mtandio mwepesi juu yake wa kuzuia nzi. Chupa haijaguswa. "Huyu?" dada wa steshenari akasema. "Hajajigeuza tangu umweke. Hii mashine ni dawa." Kuanzia siku ile akawa anamwita A4, na jina likamganda mpaka nyumbani.

Chini ya mwarobaini alikaa yule wa mtandio wa njano, ananyonyesha kichanga cha kiume, na pembeni yake msichana mdogo aliyeachiwa mtoto, macho mekundu, anaelekea alilia naye. Nikaenda nikakaa. Sikujua niseme nini, nikasema, "Wa kwako ana miezi mingapi?"

Mengine yalienda haraka. Septemba alipofanya sapu nilimshikia mtoto mimi. Ratiba zetu zikaingiliana vizuri, yeye sheria na mimi uhasibu, tukagawana zamu: asubuhi zake, mchana zangu, na dada wa steshenari katikati pale vipindi vilipogongana. Watoto walijifunza kutambaa kati ya miguu ya wateja. Mpaka tunamaliza hatukuajiri dada mwingine, si mimi wala yeye. Sasa yuko Mbeya, ni wakili, na kila Idi tunapigiana.

Siku moja katika zile zamu, tunafua nepi, aliniambia, "Ila wewe siku ile ulitulia. Ulijua siyo wako, eh? Mama huijua sauti ya mwanawe."

Nikasema ndiyo. Nikaendelea kusuuza.

Sijawahi kumrekebisha. Nimekaribia mara mbili. Na A4 mwenyewe ndivyo anavyoisimulia kwa marafiki zake, kwamba mama yake alisikia mtoto analia kwenye mtihani akatambua hapohapo kuwa siyo yeye. Anaipenda sana sehemu hiyo.

Kijana wa vyeti akamaliza, tukanunua rimu. Binti akamuuliza muuzaji kama ana boksi tupu la kubebea vitu vya shule. Alikuwa nalo. Akalipokea, akalizungusha mikononi, akatazama ndani.

"Mama, mimi nilienea humu kweli?"

"Ulienea. Na chupa pia."

"Mh," akasema, akatumbukiza rimu, akaendelea kutiki.